Kabla hujabadilisha kamera, msogeze mama dirishani

Swali limetoka Tanga, kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hupiga picha jioni na mwisho wa wiki kwa mapenzi tu. Ana Canon EOS 700D ya mtumba na lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo. Anaandika: “Nikipiga nje, picha zinapendeza. Nikiingia ndani, sebuleni kwetu au kwenye shughuli, sura zinakuwa giza hadi macho hayaonekani, na nikizing'arisha kwenye kompyuta zinajaa chembechembe. Mama yangu ni mweusi, na sijawahi kumpata kwenye picha jinsi alivyo. Rafiki ameniambia kamera yangu ni ndogo, ninunue ya fremu kamili. Nimeweka akiba laki sita. Ninunue nini? Na nitumie programu gani, maana laptopu yangu ni ya zamani?”

Mwalimu, kamera usinunue. Natangulia kusema hivyo kwa sababu najua laki sita ni fedha ya kujibana, na ushauri uliopewa utaimaliza bila kukuondolea shida. Lenzi yako ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), haiwezi kuitumia Canon ya fremu kamili ipasavyo, kwa hiyo ukishanunua kamera utadaiwa na lenzi. Ukishayamaliza hayo yote utarudi sebuleni, umketishe mama kwenye kochi lile lile, na sura itatoka giza vile vile.

Tupige hesabu kidogo. Sensa ya fremu kamili ina eneo la kama mara mbili na nusu ya sensa ya 700D, na hiyo ndiyo faida yake kubwa mahali penye mwanga hafifu. Sasa itazame lenzi yako: ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, kwa sehemu ndogo ya bei ya kamera mpya. Na mama akihama kutoka kochi la pembeni hadi ubavuni mwa dirisha, mwanga unaweza kuzidi hata hapo. Dirisha tayari unalo.

Tuanze na sababu ya sura kutoka giza, kwa sababu usipoielewa hata lenzi mpya haitakusaidia. Kamera haimjui mama. Inapima mwanga wa kila kilichomo kwenye fremu, kisha inajaribu kuufanya wastani wake uwe kijivu cha katikati. Nyuma ya mama kuna ukuta uliopakwa chokaa, au dirisha, au kitambaa cheupe cha kochi. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mahali pana mwanga kupita kiasi, inapunguza. Ukuta unakuwa kijivu, na mama, ambaye tangu mwanzo alikuwa na mwanga mdogo kuliko ukuta, anazama.

Nami nimelipia somo hili. Harusi ya kwanza niliyopewa fedha kuipiga, bibi harusi alikuwa mweusi mwenye ngozi nzuri sana, amevaa shela jeupe, ameketi kwenye jukwaa lenye mapazia meupe na taa nyuma yake. Niliiachia kamera ijipimie yenyewe. Nyumbani nikazivuta sura juu kwenye kompyuta, chembe zikatoka, ngozi ikawa ya kijivu kama majivu. Mama wa bibi harusi alipofungua albamu alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, mbona hapa si yeye?” Nilirudisha nusu ya malipo. Tangu siku ile napima uso kwanza, mengine baadaye.

Nikuongezee jambo ambalo wapiga picha wengi vijana hawalijui. Katika enzi ya filamu, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kutazama kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawasawa, mashine imehesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi akipita kwenye mashine hiyo, hasa akiwa amesimama na mweupe, alibaki macho na meno. Filamu zilikuja kuboreshwa katika rangi za kahawia, na sehemu ya msukumo ilitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na samani waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Hata kwenye simu, ilikuwa 2021 Google walipotoa Pixel 6 wakitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Nayataja haya kwa sababu wengi wetu tumekua tukisikia shangazi na mama zetu wakisema “mimi sitoki vizuri kwenye picha.” Wanatoka. Vipimo tulivyorithi ndivyo visivyowahesabu.

Basi leo hii, bila kununua chochote, fanya hivi. Weka kamera kwenye Av, ile hali ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Av na kujumlisha-kutoa, uzungushe gurudumu hadi +1 ikiwa nyuma ya mama pana weupe. Au tumia njia ninayoipenda zaidi: kwenye menyu ya upimaji chagua kipimo cha nukta, ambacho kwenye 700D hutazama takriban asilimia 4 tu ya fremu, katikati. Elekeza katikati hapo kwenye shavu la mama, upande unaopata mwanga. Hapa wengi hukosea kwa kuishia hapo. Kamera ikipima shavu jeusi peke yake italifanya kijivu cha katikati, yaani italing'arisha kupita lilivyo. Kwa hiyo ukishapima shavu, punguza: theluthi mbili ya stopu kwa ngozi ya kahawia iliyokoza, stopu moja nzima kwa ngozi nyeusi zaidi. Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Jaribu mara tatu nne kwa mama mwenyewe, utaijua namba yake, na haitabadilika sana.

Kisha usiuamini uso wa skrini ya kamera. Ndani gizani huonekana unang'aa, nje juani huonekana umezima. Ukitazama picha uliyopiga, bonyeza INFO hadi histogramu itokee, ile grafu inayoonesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia, na uchague ile ya rangi tatu. Angalia nyekundu. Mama akivaa kanga nyekundu, mstari wa nyekundu unaweza kugonga ukuta wa kulia wakati histogramu ya mwanga inaonekana salama, na hapo maua ya kanga yanapotea, inabaki doa moja jekundu. Kanga bila maua na jina lake si kanga. Ukiona hivyo punguza kidogo.

Sasa dirisha, na hapa nataka tukae. Saa nne asubuhi, au saa kumi alasiri, wakati jua haliingii moja kwa moja, zima taa zote za sebuleni. Zima kweli, kwa sababu mwanga wa dirisha na wa balbu una rangi mbili tofauti, na ukichanganya upande mmoja wa uso utakuwa bluu na mwingine njano, kitu ambacho hakuna programu itakayokisafisha vizuri. Mketishe mama umbali wa mkono mmoja kutoka dirishani, bega moja likielekea dirisha. Wewe usimame ukiwa na dirisha ubavuni. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea mwanga na wewe tazama jicho la upande wa mbali. Mwanga ukilifikia jicho hilo, na ukaiona nukta ya dirisha ndani ya mboni, mwambie atulie.

Ngozi nyeusi inapata umbo lake kwa mng'ao. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kila upande, kwa hiyo umbo lake huonekana kwa vivuli. Ngozi nyeusi hurudisha kidogo, na kinachotuonesha mfupa wa shavu, paji na pua ni ule ung'aavu mpana unaopita juu ya ngozi. Chanzo kikubwa cha mwanga hutoa mng'ao mpana na laini. Chanzo kidogo, kama flashi ya juu ya kamera, hutoa vidoti vyeupe vikali kwenye paji na pua, na kilichobaki kinakuwa bapa. Ndiyo maana dirisha lenye pazia jeupe jepesi linaishinda flashi ya bei kubwa iliyoelekezwa usoni. Na usimpake mama poda aonekane mkavu. Tone la mafuta ya nazi kwenye mashavu, likapanguswa, litaufanya mng'ao uende pamoja.

Upande wa pili wa uso ukiwa giza mno, mpe mtoto ashike shuka jeupe hapo, karibu kabisa, nje kidogo ya fremu. Uusogeze mgongo wa mama mbali na ukuta, mita mbili ikiwezekana. Ukuta utapokea mwanga mdogo, utatulia nyuma, na uso utajitokeza wenyewe.

Nje unapiga vizuri tayari, nitapita haraka. Epuka saa sita mchana, jua la Tanga wakati huo liko karibu utosini na macho yanakuwa mashimo. Baraza, kivuli cha mwembe, au uchochoro wenye kuta za chokaa ni studio tosha, kwa kuwa ukuta mweupe ulio juani mbele ya mtu unafanya kazi ya dirisha. Jioni jiandae mapema, kwa sababu huku karibu na ikweta jua huteremka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu hauzidi sana nusu saa.

Tuje kwenye laki sita. Kitu cha kwanza ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, ile iliyotoka 2015. Kwenye 700D inaona kama lenzi ya milimita 80 ya fremu kamili, ambayo ni nzuri sana kwa sura. Utahitaji kurudi nyuma mita moja na nusu au mbili, kwa hiyo kwenye chumba kidogo haitaingiza familia nzima; kwa picha za kundi endelea na 18–55 yako. Usikimbilie f/1.8 kila mara. Ukiwa umbali wa mita moja na nusu, kwa f/1.8 eneo lililo kali halizidi sentimita sita hivi, na mama akigeuza kichwa jicho moja litakuwa wazi na jingine limefifia. Anzia f/2.8. Chagua nukta moja ya kulengea, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, isishuke chini ya 1/100 ya sekunde. Kasi hiyo ina faida nyingine: umeme wetu ni wa hertz 50, taa nyingi za bei nafuu humemeta mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa 1/100 ile mistari ya giza inayokatiza picha huondoka. Usiogope ISO 1600 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopokea). Chembe chache kwenye picha iliyopata mwanga wa kutosha hazisumbui. Chembe zinazokutesa wewe zinatokana na kuvuta juu picha iliyopigwa giza.

Ukibakiza fedha, na usiku ndio unaokukera zaidi, nunua flashi moja ya kawaida pamoja na triga yake, kile kifaa cha kuifyatua kwa redio ikiwa mbali na kamera. Godox TT600 inatosha. Kila kitu unakiweka kwa mkono, na hilo ni jema kwa mwenye kujifunza, na ina kipokezi cha redio ndani yake, kwa hiyo unahitaji triga moja tu ya Godox ya Canon juu ya kamera. Kwenye shughuli, ukiiweka juu ya kamera, usimwelekezee mtu. Geuza kichwa chake kuelekea dari jeupe au ukuta mweupe ulio nyuma yako, na ukuta wote unakuwa taa yako. Dari likiwa la mbao au makuti njia hii haifai, mwanga unamezwa na unaobaki unarudi na rangi ya hudhurungi.

Nyumbani iondoe kwenye kamera. Iweke kwenye stendi, ipige kupitia mwavuli mweupe, mita moja kutoka kwa mama, juu kidogo ya usawa wa macho, upande ule ule ambao dirisha lingekuwepo. Anzia hapa: nguvu 1/16, f/4, ISO 400, shata 1/125. Ikizidi au ikipungua badilisha nguvu ya flashi peke yake hadi uielewe. Shata usipandishe kupita 1/200, utapata ukanda mweusi kwenye picha. Na kumbuka kwamba ukiisogeza flashi mbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo, kwa hiyo kuisogeza hatua moja karibu ni sawa na kununua flashi kubwa zaidi. Betri ziwe za kuchaji, nne, za NiMH. Mguu wa stendi ufungie mfuko wa mchanga, kwa sababu kwenye nyumba yenye watoto waya na stendi hazidumu zimesimama.

Ukinunua mtumba, hasa lenzi, ingiza mwanga wa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Kwetu pwani unyevu hauna huruma, na lenzi inayolala kwenye mkoba wa ngozi kabatini itaota kuvu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na pakiti kadhaa za silika, zile chembe za kunyonya unyevu, inatosha, na pakiti zenyewe uzikaushe kila baada ya muda.

Programu. Kwanza badilisha ubora wa picha kwenye menyu uwe RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, pamoja na JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya 700D inarekodi biti 14, ngazi 16,384. Ngozi ya mama huishi karibu na giza, na huko JPEG yenye ngazi chache, ikivutwa juu, huvunjika haraka. Kwa laptopu ya zamani ningeanza na Digital Photo Professional ya Canon wenyewe. Ni bure kwa mwenye kamera yao, na rangi za Canon inazijua. RawTherapee nayo ni bure, ina vidhibiti vingi zaidi. Darktable ni bure pia na ndiyo ninayoitumia mimi kila siku, lakini kwenye mashine dhaifu itakuchosha, isubiri hadi upate laptopu nyingine. Kwa simu, Snapseed inatosha kabisa kwa picha za kawaida, na Lightroom ya simu ina vitu vingi vya bure ila RAW inataka kulipiwa.

Kwenye kurekebisha, anza na mizani ya weupe, yaani kuiambia programu rangi ya mwanga uliokuwepo ili cheupe kionekane cheupe. Usibofye kanzu wala shuka kama kipimo cha weupe: nguo nyeupe zetu nyingi zimefuliwa kwa bluu, na programu ikiiondoa bluu hiyo ngozi itakuwa ya chungwa. Piga picha moja mama akiwa ameshika kadi ya kijivu usawa wa uso, ubofye hiyo, kisha unakili namba kwa picha nyingine za mwanga ule ule. Ngozi nyeusi ikiegemea bluu huwa na rangi ya majivu, kwa hiyo ukisita, elekea joto kidogo.

Baada ya hapo panga mwanga wa jumla ukitazama uso tu, kisha rudisha chini sehemu zinazong'aa za paji, kisha gusa vivuli kidogo sana. Ukivuta vivuli mno, weusi wote unakuwa ukungu na nywele za mama zinapoteza kina. Kitelezi cha kukoleza ncha na michirizi usikipeleke usoni. Na kipo kitelezi cha mwangaza wa rangi ya chungwa, ambacho ngozi ya kahawia karibu yote iko chini yake. Watu hukipandisha ili sura “ing'ae”. Mwalimu, hicho ndicho kinachomweupisha mtu. Kiache kwenye sifuri. Uliandika kwamba hujawahi kumpata mama jinsi alivyo. Weusi wake ni sehemu ya jinsi alivyo, na mwanga wa dirisha umeshafanya kazi ya kumwonesha. Zima pia hali ya usiku ya skrini, ile inayofanya kila kitu kiwe njano, kabla hujaamua chochote juu ya rangi ya ngozi.

Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo itabanwa. Na ile iliyo bora isafishe kwenye karatasi. Kamera unayoambiwa ni ndogo inatoa pikseli 5184 kwa 3456, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi ni karibu karatasi ya A3 nzima. Omba karatasi isiyong'aa, na kabla ya kuipeleka ongeza mwanga kidogo, robo ya stopu hadi theluthi, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake kama skrini. Itundike mahali ambapo dirisha lile lile linaifikia.